Kule Chini Hakutajwi

Jumatatu, 4 Agosti

Salfa ya mikorosho tena leo. Tumemaliza upande wa mashariki, Baba Salima na mashine mgongoni, mimi nyuma na mfuko. Macho yanawasha mpaka sasa. Mikorosho imetoa maua vizuri mwaka huu, Mungu asituharibie kwa ukungu. Mume wangu amekohoa jioni nzima. Kitambaa cha puani hataki, eti kinamziba pumzi. Salfa haimzibi, kitambaa ndicho kinachomziba. Haya.

Bomba limekauka tangu wiki iliyopita. Tangi letu la maji ya mvua limebaki tope. Asubuhi nilishuka kule chini pamoja na Mama na wanawake wengine.

Jina la mahali pale siliandiki hata hapa. Mtu mzima mimi, nina mjukuu, ni mjumbe wa serikali ya kijiji, na bado mkono unakataa. Ni chemchemi ya wanawake. Wanaume hawashuki. Maji wanayanywa, hawaulizi yalikotoka. Mwanamke hapataji mbele ya mwanamume, na mwanamume hapataji kabisa. Wali wetu wote wa unyago waliogeshwa kwa maji yale: Mama, mimi, binti yangu Salima. Desemba hii ni zamu ya Zuhura, mtoto wa Salima. Ndoo ya kwanza ya mwali hubebwa na bibi yake. Yaani mimi. Naingoja siku hiyo tangu mtoto yuko mgongoni.

Leo tumekuta vigingi. Vya chuma, vimefungwa utepe mwekundu, vimepigwa ukingoni mwa mteremko, juu kabisa ya mwamba unaotoa maji. Mama akavizunguka kwa mbali, akashuka, akachota. Akachuma jani lake, akalilaza juu ya maji yasimwagike njiani, kama anavyofanya siku zote. Nikamtwika. Goti lake limekuwa bovu, kutua ndoo anaweza mwenyewe, kujitwika hawezi tena.

Sivipendi vile vigingi.

Jumatano, 6 Agosti

Nimekwenda kwa Mjomba. Ni mdogo wake Mama, tumbo moja, na ndiye Mwenyekiti wa kijiji. Kwetu mjomba ndiye mwenye kauli, kwa hiyo nilikwenda kwa adabu, shikamoo, nikakaa mkekani, nikangoja amalize chai.

Ni machimbo ya kokoto. Barabara itawekwa lami na mwamba wetu umeonekana mzuri. Watalipua, watasaga, watapakia. Kampuni itajenga madarasa. Mjomba alikuwa anasema "madarasa" huku anatabasamu kama ameyajenga yeye. Kisha akasema mkutano ulifanyika Aprili, na mimi nilikuwepo.

Ni kweli nilikuwepo. Mshauri wa mazingira wa kampuni alikuwa kijana mpole, shati la mikono mirefu, alimwamkia kila mtu. Tulikaa wote pamoja kwenye baraza ya ofisi ya kijiji, wanaume viti, wanawake mikeka. Akauliza vizuri tu: eneo lile lina chanzo cha maji? Lina mahali pa mila? Wanawake tukatazama mikeka. Wanaume wakatazama bati. Mtu akakohoa. Kijana akangoja, akauliza tena, akashukuru. Tukanywa soda, tukaenda zetu.

Hakuna aliyedanganya pale. Swali liliulizwa mbele ya watu wasioweza kulijibu wakiwa pamoja, basi. Angetutenga, wanawake peke yetu na mwanamke mwenzetu wa kutuuliza, angeyapata yote kabla soda haijafunguliwa. Hakujua. Na sisi hatukumwambia kwamba hajui.

Sasa ripoti yao inasema: hakuna chanzo cha maji, hakuna eneo la mila. Nakala iko ofisini, wazi kwa kila mtu. Mjomba amenisomea mwenyewe. Nikamwambia, Mjomba, wewe unajua. Akatazama pembeni. "Mimi mwanaume, Mama Salima. Najua nini?"

Maji yale anayanywa tangu azaliwe! Nimeondoka bila kuaga. Sijawahi kumfanyia hivyo.

Jumatatu, 11 Agosti

Masasi. Basi la asubuhi, kuteremka mpaka masikio yanaziba, kisha ile milima ya mawe na joto lake. Nimekwenda kwa wakili wa msaada wa kisheria, ofisi iko juu ya duka la vipuri vya baiskeli. Mtu wa Chiwata. Mama yake analima korosho na mihogo, kwa hiyo hakunisemesha kama mgeni.

Amenieleza taratibu. Kampuni haiwezi kuanza kuchimba bila cheti cha mazingira. Cheti hakitoki kabla mamlaka ya mazingira haijaipitia ripoti ya tathmini. Ripoti ikiwa bado inapitiwa, mwananchi yeyote anayeguswa na mradi anaweza kutoa maoni, na anaweza kuomba waje wasikilize wenyewe. Si hisani, ni sheria. Nilifurahi mpaka nikatamani kumkumbatia.

Akachukua kalamu. Akauliza, haya Mama, ni kitu gani kilichoachwa kwenye ripoti? Kiko wapi?

Nikanyamaza.

Naandika haya kwa hasira. Nimetoka nyumbani alfajiri, nimepanda basi, nimepanda ngazi za watu, nimefika mbele ya mtu anayetaka kunisaidia, na ulimi umegoma. Ni mwanaume. Nilitazama sakafu kama mwali. Akatoka nje, akarudi na maji ya kunywa, akauliza tena polepole. Nikasema, "Pana kitu." Akasema kitu gani. Nikasema, "Kitu cha sisi wanawake." Akaelewa nusu, ninavyoona. Hakucheka. Aliniambia jambo moja ambalo limenikaa kifuani njia nzima ya kurudi: sheria haiwezi kulinda kitu ambacho hakuna aliyekitaja.

Tumeandika maombi ya kikao. Sababu tumeiandika juu juu. Inabidi mtu akaiseme mwenyewe, siku hiyo, mbele ya watu.

Ijumaa, 15 Agosti

Nimemwambia Mama.

Yeye ndiye kungwi mkuu hapa, akisema ndiyo, wanawake wote wamesema ndiyo. Nilimweleza taratibu, cheti, ripoti, kikao. Alikuwa anapepeta mtama, hakuacha. Nilipofika mwisho akaweka ungo chini.

"Ntoto wewe, unataka nikavue nguo mbele ya waume?"

Nikasema Mama, wataulipua mwamba. Akasema mwamba ulikuwepo kabla ya hao na baruti zao. Nikasema maji yatakufa. Akasema mahali pakishatajwa mbele ya wanaume pamekufa tayari, maji yatoke yasitoke. Na akaongeza, bila kupaza sauti, kwamba mwanamke atakayepataja hatashuka tena, wala hataingia unyagoni, awe binti wa nani.

Awe binti wa nani. Akaokota ungo.

Nina hofu. Nimejaribu kulala mchana, nimeshindwa.

Jumanne, 19 Agosti

Gari limeleta mashine ya kuchoronga, ya kutoboa mwamba. Iko ukingoni, ya njano. Msimamizi wao anasema hawajaanza kazi, wanapima mwamba tu. Nimempigia wakili. Anasema hata hilo lina taratibu zake, atafuatilia. Kila mtu anafuatilia. Mashine inachoronga.

Jumamosi, 23 Agosti

Maji yametoka meupe, unga wa jiwe. Tumengoja yatulie, hayatulii. Mama Hamisi, jirani yangu, amechota hivyohivyo, ana wagonjwa nyumbani. Mama yangu alipiga magoti pale, na goti lile bovu, akatia kiganja, akayatazama. Nilidhani atalia. Hakulia. Nililia mimi.

Njiani nikamwambia, unaona sasa? Akasema anaona. Nikangoja aseme zaidi. Ndiyo hiyo tu.

Alhamisi, 28 Agosti

Wakili amepiga simu. Mamlaka imekubali kuja, mwezi ujao. Nikamwomba jambo moja: watutenge. Wanawake tuhojiwe peke yetu, na mwanamke. Nilivyolisema tu akasema ni ombi zuri, sheria inataka wanaoguswa washiriki kwa namna wanayoweza kushiriki, atalipeleka.

Nimepika wali leo, bila sababu. Baba Salima akauliza kuna mgeni? Nikamwambia mgeni ni wewe, kula.

Kwa mara ya kwanza naona njia. Tukitengwa, Mama atasema. Mbele ya wanawake atasema, najua.

Jumatano, 3 Septemba

Wamekataa. Kiongozi wa timu ya mamlaka anasema kikao ni kimoja, cha wazi, watu wote wasikie kila kinachosemwa. Wakisikiliza wengine faraghani, kampuni itasema maneno yamepangwa gizani, na wananchi watasema wamehongwa. Uwajibikaji ni uwazi, ndivyo alivyomwambia wakili.

Ubaya ni kwamba simwoni mjinga. Ningekuwa kwenye nafasi yake labda ningesema hivyohivyo. Uwazi ndio tunaoulilia kila siku kwenye vikao vya kijiji, mimi wa kwanza, nikipigia kelele mapato na matumizi. Sasa uwazi wenyewe ndio unaotuziba midomo.

Sijui la kufanya. Kweli sijui.

Jumamosi, 6 Septemba

Baba Salima amenishtua. Tunapalilia, akasema bila kunitazama, "Nikaseme mimi?"

Nilimkaripia vibaya. Nikamwambia wewe utasema nini, umewahi kushuka? Umepaona? Watakuuliza mahali paliko, utawaonyesha wapi? Na ukipajua, wewe ndiye utakuwa umeniaibisha kuliko kampuni. Akaendelea na jembe. Nimekuwa mkali bure. Ila ukweli ni uleule. Mwanaume hawezi kusema, na mwanamke haruhusiwi.

Nimerudi kwa Mama tena jioni. Nimepiga magoti safari hii, mama mtu mzima kama mimi. Nikamwambia sitaki uzungumze, nipe ruhusa tu, nizungumze mimi. Akasema, "Na Zuhura atabebewa maji na nani?"

Hicho tu ndicho alichoniuliza. Nilirudi nyumbani nikipapasa gizani, macho hayaoni kwa machozi.

Jumanne, 9 Septemba

Kikao kesho. Mjomba amepita kutangaza, wanaume na wanawake wote wafike. Alipofika kwetu hakuingia ndani. Nilimwamkia toka mlangoni, akaitikia "marahaba" haraka, akaondoka kama mtu anayedaiwa.

Salima amepiga simu toka Masasi. Ameshamnunulia Zuhura khanga za kuingilia unyagoni. Akanisomea maandishi ya khanga hizo, nikasema mazuri. Sikumwambia lolote.

Nikisema, maji yanaweza kupona na mimi sitambebea mjukuu wangu ndoo. Nisiposema, nitambebea, mara moja, na baada yake hakuna mwali mwingine atakayeogeshwa pale kwa sababu hapatakuwa na pale. Nimegeuza hivi na hivi siku nzima. Hakuna upande mzuri. Nimechoka kufikiri, nataka tu kesho ipite.

Jumatano, 10 Septemba

Niandike kabla sijasahau hata neno moja.

Timu ilikuwa ya watu watatu. Kiongozi mwenye miwani, mwanaume mwingine wa kuandika, na dada mmoja afisa, amevaa viatu vya kazi. Wakili alikuja na basi. Watu wamejaa mpaka uani. Wanaume viti, wanawake mikeka, kama Aprili. Mama mbele kabisa, mguu wenye goti bovu ameunyoosha.

Kiongozi akauliza swali lilelile. Chanzo cha maji? Mahali pa mila? Mikeka ikatazamwa. Bati likatazamwa. Nikasikia kalamu ya yule mwandishi inakwaruza karatasi na nikajua anaandika nini.

Nikasimama. Nikasema pale chini ya vigingi pana maji. Tunayachota kila kiangazi, tangu mama za mama zetu. Nikasema ni mahali pa unyago wetu. Kisha nikataja jina. Kwa sauti. Mbele ya mume wangu, mjomba wangu na wanaume wote.

Wanawake walijifunika nyuso kwa khanga, wote kwa pamoja, nilisikia vitambaa. Mama hakujifunika. Aliinuka, taratibu, hakuna aliyethubutu kumshika mkono. Akakunja mkeka wake, akaondoka. Alipita karibu yangu kiasi kwamba khanga yake iligusa mkono wangu. Hakunitazama.

Na kumbe haikutosha! Kiongozi akauliza kama kuna mwingine anayethibitisha. Kimya. Akawauliza wanaume, ni kweli? Kimya. Akavua miwani, akasema kwa upole kwamba anayo ripoti ya kitaalamu upande mmoja na mtu mmoja upande wa pili. Mtu mmoja. Nilitamani ardhi inimeze. Nimempoteza mama, nimempoteza mjukuu, na maji vilevile yamekwenda.

Hapo Baba Salima akakohoa. Nilidhani ni salfa. Akasimama.

Akasema, "Ndugu kiongozi, mimi pale alipopataja mke wangu sipajui. Sijafika na sitauliza. Lakini nyumbani kwangu nakunywa maji kila siku, naoga, na bomba halitoi. Na mvua hainyeshi kiangazi. Mwanamke huyu anatoka na ndoo tupu anarudi nayo imejaa, miaka yote ya ndoa yetu. Andika kwamba nakunywa."

Akakaa. Mtu mmoja nyuma akasema, na mimi nakunywa. Mwingine, na mimi. Wakaanza kusimama mmojammoja, wazee kwa vijana, hakuna aliyepataja mahali, kila mmoja anasema ananyweshwa na nani: na mke wake, na dada yake, na mama yake. Yule mwandishi akashindwa kuwafuata. Wa mwisho kabisa alikuwa Mjomba. Alisimama na kofia mkononi. "Na Mwenyekiti anakunywa," akasema.

Walitaka kupaona. Wanaume wa timu nikawakatalia, na kiongozi akakubali, namshukuru kwa hilo. Nikashuka na yule dada peke yetu. Alivua viatu kabla sijamwambia. Akapima, akachukua maji kwenye chupa, akapiga picha ya mwamba na tundu la mashine. Nilipotaka kurudi nikajaza ndoo yangu, mazoea tu. Akanitwika yeye, mgeni.

Ijumaa, 12 Septemba

Mama Hamisi amekuja kuniambia, ametumwa na Mama. Sishuki tena. Unyagoni nisitie mguu. Alisema akiwa amesimama, hakutaka kukaa, kisha akashika mkono wangu kidogo akaenda zake.

Nimepita kwa Mama. Shikamoo. Alikuwa anapepeta. Nikarudia. Ungo ulikuwa unazungumza peke yake.

Sikuwahi kukosa marahaba ya Mama maisha yangu yote.

Jumamosi, 20 Septemba

Tunanunua maji kwa wa bodaboda, dumu kwa dumu. Baba Salima anasema yana ladha ya petroli. Nikamwambia kanywe ya mke mwingine. Tulicheka kidogo. Usiku hatukucheka.

Jumapili, 5 Oktoba

Korosho za kwanza zimeanguka. Naokota peke yangu. Wanawake wa shamba la jirani wakiniona wanapunguza sauti. Hawanitukani, ningependa wanitukane.

Naota kiu. Nikiamka dumu liko pale limejaa, na bado nina kiu.

Ijumaa, 17 Oktoba

Barua imefika ofisini, imebandikwa ubaoni. Ripoti imerudishwa. Tathmini ianze upya, wapime maji ya ardhini, wakae na wanawake faraghani, hayo ya mwisho yameandikwa kabisa, na mashine isimame mpaka hapo. Wakili alifurahi kwenye simu, anasema ni ushindi. Nikamshukuru. Anastahili.

Mimi nimekwenda kutazama ukingoni, huko hakuna aliyenikataza. Mashine imefunikwa turubai. Haijaondoka. Vigingi vipo. Tathmini mpya inaweza kusema lolote. Mama Hamisi anasema maji yanatoka meupe kidogo bado, na yamepungua, ndoo inachukua muda kujaa. Nilimuuliza kwa kunong'ona, uani, naye alinijibu kwa kunong'ona.

Basi, nimefanya haya yote kwa ajili ya maji ambayo labda yanakufa hata hivyo. Ndivyo ninavyojisikia. Nisijidanganye.

Jumapili, 9 Novemba

Nimemwamkia Mama msibani kwa jirani. Hakuna marahaba. Mjomba alikuwa karibu, aliona. Baadaye akaniambia, "Mpe muda, mwanangu." Muda Mama anao? Mama amekonda. Anashuka kule na goti lile, mara mbili kwa siku, na mtu wa kumtwika si mimi.

Jumamosi, 6 Desemba

Salima amekuja na Zuhura. Nilikuwa nimeshamweleza kwenye simu, na bado alilia mlangoni. Alinilaumu kwanza, kisha akanikumbatia, kisha akanilaumu tena. Ana haki zote mbili. Zuhura amerefuka. Ameniuliza, Bibi, utanibebea maji? Nikamwambia mimi nitakupikia utakapotoka. Akakubali haraka, watoto hawajui.

Nikajifungia stoo ya korosho nikalia nimeziba mdomo kwa gunia. Sijawahi kuumia hivi tangu nimzike baba yangu.

Jumamosi, 13 Desemba

Leo ndiyo siku ya kuingia. Ngoma zilianza mapema. Salima alimchukua mtoto, nikabaki na Baba Salima. Yeye akaenda kukagua mikorosho isiyohitaji kukaguliwa. Manyunyu kidogo alfajiri, bado si mvua.

Nilikuwa nafagia uwanja. Nikamwona Mama anakuja, peke yake, ndoo ya Zuhura kichwani. Nyumba yetu haiko njiani ukitoka kule chini. Inabidi uzunguke, upande mpaka kwenye mkorosho mkubwa, halafu urudi. Amezunguka, na goti lile.

Akafika katikati ya uwanja, akatua ndoo. Haikumwagika. Jani lilikuwa juu ya maji, bichi. Maji yametulia, meupe kidogo tu. Nikabaki nimeshika ufagio.

Akakaa kwenye kinu, akapumua, akapangusa uso kwa ncha ya khanga. Akatazama mikorosho, akatazama paa letu. Ngoma zilikuwa zinamngoja, zilisikika. Kisha akasimama, akakunja kata yake upya, akaiweka kichwani, akanigeukia mgongo, kama anavyosimama mtu anayengoja.

"Nitwike," akasema.

Nikainua ndoo kwa mikono miwili. Ilikuwa nzito kuliko ninavyokumbuka. Nikaiweka, nikangoja mpaka shingo yake imeishika sawasawa, ndipo nikaachia. Akaondoka bila kugeuka, kuelekea zinakotoka ngoma.

Nikamaliza kufagia. Mikono ilikuwa imelowa, nikaiacha ikauke yenyewe.